Unamupeleka Wapi Mutoto Wetu?

Ulipita pale. Usikatae. Uliona turubai la bluu mbele ya nyumba ya Mama Marthe, ukaona viti vya plastiki na watu waliovaa pagne mpya, ukamwambia mwenye pikipiki aongeze mwendo. Mambo ya wakwe, ulisema, hayakuhusu. Umezoea kugeuza uso, na shingo yako haiumi tena.

Chini ya turubai, Prospère alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka. Miaka miwili ameishi na Ketsia bila kumwoa kidesturi, na sasa ndugu za Ketsia walikuwa wamekaza: bila ndoa, hatamtoa katika ua huu. Naye alitaka kitu kimoja tu duniani, kutoka pale na Ketsia akiitwa mke wake.

Mbuzi alikwisha kupokelewa. Lilibaki swali la Papa Onésime, mjomba wa Ketsia, ambalo kila mkwe wa ukoo ule huulizwa mbele ya watu.

"Unamupeleka wapi mutoto wetu?"

Wengine hujibu: kwangu, mtaa fulani. Prospère alijibu:

"Irlande, kule Ulaya, Papa."

Shangazi mmoja akacheka kwa pua. "Na ile taximoto yako?"

"Mumuache aseme," alisema Mama Marthe, mama yake Ketsia.

Akasema. Babu yake Ketsia aliwafulia nguo askari wa Irlande, wale wa ONU, Umoja wa Mataifa, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Albertville. Mmoja wao alimwachia picha ya mji wa kwao: ngome ya mawe juu ya maji, kanisa la zamani, vichochoro, na nyumba zilizopakwa kila moja rangi yake. Askari walirudi kwao, kama wanavyorudi wote wanaokuja kutulinda. Picha ilibaki ukutani. Ketsia alikua akiitazama.

"Alichagua ile nyumba ya manjano," Prospère aliendelea. "Tulipanga likizo ya wiki moja. Asubuhi tupande kwenye ngome, muchana tukule samaki bandarini. Alitaka kujua kama samaki wao anashinda mukeke wa ziwa letu."

"Hawezi," alisema shangazi.

"Nilimwambia vile vile."

"Na bugali wako nayo?"

"Viazi tu, Tantine. Ketsia alisema tutabeba unga."

Watu wakacheka, hata Papa Onésime kidogo. Kisha wakainamisha vichwa wote kwa pamoja, kama walioshikwa na aibu.

"Na baridi?" aliuliza Mama Marthe. "Kule inanyesha kila siku. Mutoto wangu hawezi baridi."

"Nitamufunika, Mama."

Ketsia alikuwa ndani, katikati ya wanawake, amevalishwa na kupakwa poda. Mmoja alimpepea bila kupumzika. Kwa kawaida bibi-arusi huitwa nje, akaulizwa mbele ya wote kama anamkubali mwanaume huyu. Papa Onésime aliliruka swali hilo. Jua lilikuwa limepanda, na wazee walikwisha kusema kwamba kungoja kesho hakuwezekani.

Mama Marthe akaangalia chini, akatikisa kichwa kukubali. Papa Onésime akamshika Prospère mkono, akamwinua kutoka mkekani.

"Tumekupa. Sasa huyu njo muke wako. Ingia umubebe, ukamuzike pamoja na mutoto wenu."

Na wewe unayesoma: friji ya damu ya chumba cha uzazi alimofia Ketsia kwa kukosa damu ni tupu hata saa hii, na juu ya kitanda chake amelala mwanamke mwingine. Simama. Nenda sasa, ukunje mkono wa shati.