Programu za Jumamosi

Alistidia alimmwagia baba mkwe wake maji usoni mbele ya wateja wote, akasubiri kidogo, kisha akamfuta kwa pindo la kitenge. Mzee alibaki vilevile, na tai yake, na tabasamu lake la siku ya Kipaimara cha mjukuu.

"Hachuji!" akasema Yunus, mwenye duka, akiinua ile karatasi juu. "Si nilikwambia? Hii ni printa ya leza. Wino wake ni unga, unaunguzwa mpaka unashikana na karatasi. Ile ya kwanza ni ya wino wa maji, ukiipigia chafya tu picha inalia."

Duka hilo la Bukoba lilikuwa limeshageuka baraza. Mama mmoja wa Rubafu aliyekuja kutoa kopi alizisahau kopi zake, akasogea kutazama.

"Mbona uso umekuwa wa zambarau?"

"Ni mwanga wa humu ndani," Yunus akajitetea.

"Ni zambarau," akasema Alistidia. "Tata, baba yetu huyu, ni mweusi wa kahawa iliyokaangwa. Nijaribishie ile nyingine."

"Ile nzito, mama. Halafu inakula umeme."

"Wewe ijaribu tu."

Kazi yake ilikuwa nyumbani, Muleba, juu ya meza ya chakula: kadi za harusi, lebo za asali, programu za mazishi. Jina lake lilikuwa zuri mpaka mwaka jana, walipomzika shangazi wa mumewe. Alichapa kwa kiprinta cha wino wa maji. Mvua ikaja kama kawaida yake, bila hodi, na kabla ya mahubiri kuisha shangazi alikuwa anatiririka mikononi mwa waombolezaji. Watu walirudi makwao na viganja vya bluu. Tangu hapo wateja walimkimbia, na wenye midomo yao walimuuliza kama kadi zake zinauzwa na mwavuli. Na wifi yake, Consolata, alimwambia mbele ya ukoo mzima: "Ukija kutuchafulia na msiba wa Tata, wifi, meza hiyo utaiacha, na nyumba ya kaka yangu utaiacha."

Printa hiyo nyingine ilinguruma, taa za duka zikafifia, ikamtoa mzee taratibu. Mweusi wa kahawa. Karatasi ilikuwa nene, ile ya kadi, na haikukwama. Alistidia akaimwagia maji. Akaikunja katikati, akakwaruza kwa ukucha penye mkunjo. Rangi haikubanduka.

"Hii ndiyo," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Yunus akashusha sauti. "Poleni sana na msiba, mama."

"Waitu, mwenzetu, jikaze," akasema mama wa Rubafu, akimshika bega.

"Asanteni. Ni njia yetu sote." Alistidia aliendelea kuitazama mashine. "Mazishi ni Jumamosi. Nifungie kwenye boksi lake, mvua inakuja."

Nyumbani ndugu walikuwa wamejaa mpaka kwenye korido. Consolata alikuwa ametoka Dar kwa likizo ya wiki moja, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili. Kaka zake nao walikuwa na kazi zao za kuwahi. Turubai lilikuwa limeshaagizwa, ng'ombe ameshachaguliwa. Mchungaji tu ndiye hakuwa ameambiwa. Huyo wangempigia mwishoni, alisema Consolata, ana maswali mengi.

Alhamisi mchana mashine ikawashwa. Programu zilitoka moja baada ya nyingine, za moto kama maandazi, na sebule nzima ikakaa kuzikunja. Consolata alichukua moja, akaichovya kwenye kikombe chake cha chai, akaitoa, akaigeuza huku na huku.

"Wifi," akasema, "leo umeniheshimisha. Hebu njoo ukae hapa karibu yangu."

Alistidia akakaa. Tangu mvua ile hakuna wa ukoo huo aliyewahi kumkaribisha kiti, hata humu nyumbani kwake.

"Philbert, soma kwa sauti, tusije tukaaibika."

Philbert, mume wa Alistidia, akakohoa kidogo, akasoma: "Mzee Gamaliel Rutaihwa. Alizaliwa Maruku. Amelala katika Bwana siku ya Alhamisi, akiwa amezungukwa na wanawe. Atazikwa Jumamosi."

"Safi kabisa."

Printa ikalia mara moja, ikawasha taa nyekundu. Wino uliokuja nayo ulikuwa umeisha, na mwingine ulikuwa wa kuagiza Mwanza, upatikane wiki ijayo. Hakuna aliyejali. Zilizotoka zilitosha kanisa zima.

Watu wakacheka, mtu akaomba chai iongezwe.

Ndipo sauti ya Tata ikatoka chumba cha ndani, nyembamba lakini safi: "Nani huyo anacheka? Njaa inaniuma, waitu. Hamna hata uji?"

Mikono yote ikasimama juu ya karatasi.

"Si daktari alisema mchana wa Alhamisi hataufikia?" Consolata akanong'ona.

"Tunaweza kurekebisha siku kwa peni," akasema Philbert.

"Kwa peni? Muleba itucheke mara ya pili?" Consolata akaitazama saa ya ukutani, kisha akamgeukia wifi yake. "Leo bado ni Alhamisi."

Alistidia akachukua mto wa kochi, akaingia chumbani, akaurudishia mlango. Consolata akaanzisha wimbo, na nyumba nzima ikaupokea kwa sauti zote nne.