Ukuta wa Hema

Tulipomaliza kusimamisha hema kando ya ziwa, tulikuta ndani ukuta wa kitambaa ambao mwaka jana haukuwapo. Ulikata hema katikati, toka juu hadi chini, na haukuwa na mlango.

"Niliushona kabla ya safari," mama alisema kutoka nje, akiendelea kumenya viazi. "Huku mimi na watoto. Kule baba yenu na kukoroma kwake."

Mdogo wangu alicheka. Baba hakucheka. Siku tatu nzima tulikuwa tumepanda vilima, tumeogelea, tumepiga makasia, tukilala kwenye vibanda vya kukodi, na wao wawili wanasemezana kupitia kwetu: mwambie mama yako, mwambie baba yako.

"Mwambie mama yako kazi nzuri," baba aliniambia. Akabeba godoro lake, akaelekea garini.

Miaka kumi na saba ya ndoa na fundi cherehani, na bado hajui mshono upi ni upi. Mimi nimekulia chini ya meza ya mashine. Kitu anachotaka kidumu, mama hukishona mara mbili.

Nilipitisha kidole kwenye ule ukuta. Ulishonwa kwa mkono, nyuzi ndefu ndefu kama za nguo inayosubiri kujaribiwa: bandi tupu, ile ya kufumuliwa. Chini kabisa, ncha ya uzi ilining'inia bila fundo.

Niliinua macho. Pale nje, mbele ya mlango wa hema, mama alikuwa ameacha kumenya, ananitazama.

"Baba," niliita, "hebu rudi uvute uzi huu."