Komeo la Nje

Mshonaji alipofunga mlango wa chumba chake kipya ili abadilishe gauni, alipapasa komeo akalikosa. Kumbe komeo lenyewe limehamia nje, limepakwa mafuta, linang'aa.

Akachungulia milango ya wenzake. Familia nne zilikuwa zimeungana kununua nyumba hii, jiko moja, ua mmoja. Yeye, mjane, aliuza kibanda chake awe wa tano, na sasa hana pa kurudi. Makomeo yao yote yalikuwa ndani.

"Shangazi!" akamwita mkubwa wao, nesi mstaafu. "Fundi wenu alilewa? Kanifungia kama kuku wa kutaga!"

Jikoni wenzake walikuwa wakicheka. Kicheko kikakatika.

"Fundi hakukosea, mwanangu," Shangazi akasema, akija na kikombe cha chai. "Ndio utaratibu wetu kwa mgeni. Utazoea. Mwenzio alizoea."

"Mwenzangu yupi?"

Shangazi akamkabidhi kikombe. Mshonaji akainama kukiweka kizingitini, akagusa mlango kwa ndani. Chini ya rangi mbichi, usawa wa goti, vidole vyake vikazama kwenye mikwaruzo, mistari minne minne.

"Ingia ndani, unywe ikiwa moto," akasema Shangazi, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya komeo.