Kidude Juu ya Friji la Chanjo

Atupele alichomeka waya kwenye kidude cha betri alichokitengeneza mwenyewe na kukibandika juu ya friji la chanjo la zahanati. Friji likizidi nyuzi nane, joto linaloharibu chanjo, kilipaswa kumtumia nesi ujumbe. Siku kumi na moja sasa kilikuwa kimya.

Kwenye kompyuta, programu aliyoiandika kwa lugha ya Python ikaanza kutema kumbukumbu za kidude.

Jumamosi. Joto nyuzi ishirini na tatu. Wai-Fai imekataa, nywila si sahihi. Najaribu tena.

Mistari ya namna hiyo ilikuwa mamia.

"Sista, nani alibadilisha nywila?" akamuuliza nesi.

"Si wewe, mdogo wangu? Vijana walipojazana barazani kuangalia mpira kwa intaneti yetu, ukaapa utawakomesha."

Aliwakomesha kweli. Akasahau kukipa kidude nywila mpya.

"Na Jumamosi umeme ulikatika?"

"Toka asubuhi hadi Jumapili jioni, intaneti tu ndiyo ilibaki kwa betri yake. Ila leo nimelikuta friji baridi kabisa, na watoto wote nimeshawachanja."

Mlangoni mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe, pamba ya sindano ingali mkononi mwa mtoto.

"Mwache alie," mama huyo akamwambia Atupele kwa furaha. "Surua haimpati tena huyu."

Atupele akafungua mdomo. Nyuma yake, kwenye kioo cha kompyuta, kidude kilikuwa kinajaribu tena.