Samawati ya Saa Kumi na Mbili

Mihayo alipotikisa kichwa mara ya tatu, Oyoo aliweka brashi chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kijana, hii ndiyo samawati. Nimeanza kupaka mitumbwi baba yako hajatoa mahari."

"Sikatai, mzee. Ila hii ni samawati ya sare za kwaya. Mimi nataka ile yenyewe."

"Yenyewe ipi? Samawati ni rangi ya mbinguni. Tulifundishwa darasa la tatu, na la nne sikulikalia sana."

"Mbingu ya saa ngapi?"

Oyoo akainua macho juu. Kalizunguka ziwa hili lote, Musoma mpaka Ukerewe, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza saa. Watu husema bluu, wakijitahidi sana husema bluu iliyopauka, basi. Samawati kwake lilikuwa jina la kwenye kopo.

"Saa kumi na mbili asubuhi," Mihayo akasema. "Jua halijatoka, ziwa na mbingu havijaachana. Mtumbwi ukikaa mita mia, mtu aone maji tu."

Hapo Oyoo akamtazama upya. Mtumbwi wa mbao, mkuukuu, kama yote ya mwalo huu wa wavuvi wa jirani na Kigongo. Mwenyewe mgeni, maneno machache, hataki kuonekana alfajiri. Moyo ukamlainika. Alijua amepata mwenzake.

Maana Oyoo mchana alikuwa fundi rangi, alfajiri mtu wa kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, unaozoa mpaka vifaranga vya sato, na serikali imeshaupiga marufuku. Kokoro lake la kwanza watu wa doria walilichoma moto akiwa anatazama. La pili lilikuwa bado hai, na mkewe Roza alishasema neno lake: likikamatwa na hili, la tatu utalifuma kwa mvi zako.

"Unavua nini hasa?" Oyoo aliuliza, sauti chini.

"Chochote kinachopita saa hizo."

Oyoo alicheka mpaka akakohoa. "Ninyi Wasukuma bwana. Ng'ombe mna majina ya rangi zake mpaka za mkiani, mbingu mnakuja kuuliza kwa Mjaluo."

"Ndiyo maana nimekuja kwa Mjaluo."

Kesho yake kabla ya jua wakakaa juu ya jiwe na makopo yao. Nyeupe kwanza, nyingi. Bluu kijiko kimoja. Tone la nyeusi. Bado ubao wa majaribio ulionekana majini kama kandambili iliyopotea. Oyoo akautazama, akaitazama mbingu, kisha akachovya ncha ya kijiti kwenye nyekundu, akakoroga chembe hiyo humo humo.

Akapaka ubao, akauelekeza majini. Ukapotea. Ilibidi apapase kwa mkono kuutafuta.

"Yesu na Maria," alisema polepole. "Kumbe samawati ndiyo hii. Na mtumbwi wangu nitaupaka hii hii."

Furaha ikamfungua mdomo. Wakati anapiga mkono wa kwanza wa rangi akamweleza mgeni mambo ya mwalo, moja baada ya jingine, kama mtu anayemkaribisha mkwe.

"Wale wa doria shida yao ni boti nyeupe. Unaiona ingali Busisi huko. Ikifika hapa kokoro liko kwenye matete, sisi tunapiga mswaki."

"Matete yapi, mzee?"

"Ya nyuma ya jiwe lile lililochafuliwa na ndege, wale minandi."

"Na mnashuka kila siku?"

"Jumanne na Ijumaa. Karibu sana. Wewe chukua ufukwe wa kule, mimi huku, hatutagombana."

"Nitakuja," Mihayo akasema. "Bila kukosa."

Jumatatu alfajiri rangi ikawa imekauka. Wakaushusha mtumbwi, Mihayo akapiga kasia kidogo, Oyoo akabaki ufukweni amekunja macho. Hakuona mtumbwi. Aliona kofia ya Mihayo inateleza hewani yenyewe, haina kilichoibeba. Alipiga makofi peke yake kama mtoto.

Mgeni aliporudi akatoa hela ya kazi, Oyoo akausukuma mkono wake.

"Weka. Simtozi mtu wa kazi moja na mimi."

Mihayo aliishika ile hela muda mrefu, hajui pa kuiweka. Mwishowe akaipachika chini ya kopo.

"Basi niongezee maandishi ubavuni, mzee. Madogo tu. Sheria inataka yawepo."

"Jina la mama watoto?" Oyoo alikwishachovya brashi kwenye nyeupe. "Nitajie moja moja. Herufi na mimi tunaamkiana tu, hatujazoeana."

"D," Mihayo akasema.

Oyoo akaichora, ulimi nje.

"O. Halafu R."

"Dorcas," Oyoo akasema, akirudi nyuma kuitazama kazi yake kwa tabasamu. "Jina zuri. Umepata mke."

"Siyo Dorcas, mzee." Mihayo alikuwa anatazama matete. "Zimebaki mbili tu. I, halafu A."