Msumari wa Bi Mwanakheri

"Fundi, bandua lipu yote mbovu, ila msumari huo usiung'oe," alisema Bi Mwanakheri, akaenda zake jikoni.

Chitemo aliutazama. Ulikuwa peke yake katikati ya ukuta, bila picha wala saa, na kichwa chake kiling'aa kama kitu kinachoguswa kila siku.

Kwenye maghorofa alikuwa amepiga lipu kuta nyingi mno, na zote aliziacha tupu. Hakuwahi kujua nani angekuja kutundika nini.

Simu ikaita. Alikuwa msimamizi wa saiti.

"Ghorofa linaanza Ijumaa, kazi ya mwaka mzima. Unakuja, au bado unahangaika na viraka vya majumbani?"

"Nitakupigia, bosi."

Akapiga lipu akiuzunguka msumari taratibu kwa ncha ya mwiko. Bi Mwanakheri alipomletea chai, alishindwa kujizuia.

"Mama, hapa huwa unatundika nini?"

Bibi akacheka. "Ngoja ukuta ukauke. Njoo Ijumaa uone mwenyewe."

Chai ikapoa. Chitemo akachukua simu.

"Bosi, tafuta mtu mwingine. Ijumaa nina ukuta wa kuangalia," alisema, huku kidole gumba kikifuta saruji kwenye kichwa cha msumari, mpaka kikang'aa tena.