Dumu la Mbaruku

Sheria ilitaka kila dumu la maji ya dharura liseme, kwa sauti ya mtu aliyelijaza, jina lake na tarehe. Ukifungua kifuniko, sauti inafutika.

Dumu la jikoni kwa Mwanakombo lilikuwa na sauti ya marehemu mumewe. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, alikibonyeza kifuniko. Kilianza kikohozi, maana Mbaruku hakuwahi kusema neno bila kukohoa, kisha: "Nimejaza mimi, Mbaruku, tarehe tatu Machi. Yamechemshwa."

Sasa ilikuwa Novemba, na bwana afya alikuwa amesimama mlangoni.

"Pole, mama. Muda wake wa miezi sita umeshapita. Maji haya hayanyweki tena."

"Wala siyanywi, mwanangu. Nayasikiliza."

"Naelewa, mama. Lakini bomba halina ahadi. Likikauka kesho, utakunywa nini?"

Mwanakombo alikataa kusaidiwa. Alilifungua dumu mwenyewe, akaumwagilia mchicha wa uani polepole, kama anayemnywesha mgonjwa. Akalisugua, akalijaza maji aliyoyachemsha jana, akakaza kifuniko.

"Taja jina la aliyejaza," dumu likaagiza kwa sauti ya mashine.

"Mbaruku."

"Sauti hailingani na jina. Rudia."

Bwana afya aligeuka, akajifanya anautazama mchicha.

Mwanakombo akavuta pumzi, akakohoa kidogo kwanza, kisha akarudia.